Saruji au Kadi ya Picha

"Mama, wewe unacheza gemu?"

Swali hilo niliulizwa na fundi kompyuta wa pale Same mjini, mimi mwalimu mstaafu wa jiografia, mzee wa kanisa, bibi wa wajukuu wanne. Nilimtazama juu ya miwani, kama nilivyokuwa nikiwatazama waliochelewa mstarini. Nikamwambia mchezo pekee niliowahi kuucheza kwa moyo ni rede, tena nikiwa na miaka kumi, na mpira wangu wa soksi ukikupata ulikuwa unatoka uwanjani mwenyewe bila kuambiwa.

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Ungekuwa mchezaji ungeshajua tatizo siku nyingi. Laptop yako haina grafiksi kadi ya maana. Hiyo ndiyo inayochora picha kwenye kioo. Ya kwako ni ile ndogo ya kuzaliwa nayo. Picha ikiwa nzito, inazimia."

"Na dawa yake?"

"Dawa ni kununua laptop nyingine. Kadi ya laptop haichomolewi kama betri ya redio." Akanionyesha dude moja jeusi kwenye rafu, lina taa nyekundu chini ya vitufe, utadhani jiko la mkaa.

"Hilo ni la watoto wa gemu," nikasema.

"Ni la watu wenye picha nzito. Na wewe mama una picha nzito."

Fundi huyu ni Mchaga, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hasemi jambo akaliacha bila chumvi. Akaniambia anajua kwetu Wapare hela ikitoka mfukoni ni msiba wa ukoo mzima, lakini hapa hakuna njia ya mkato. Nikamjibu kwamba Mchaga akikuonyesha njia, angalia kwanza kama viatu bado unavyo miguuni. Tulicheka wote wawili. Nilipotoka nje sikucheka tena, maana hela yenyewe haikuwa yangu.

Ngoja nieleze. Kwetu ni Bombo, huko juu Upare ya kusini, ingawa tangu nianze kazi naishi Same mjini, ambako watoto wengi wa Bombo walishuka kusoma. Kule juu kuna ndiva, bwawa letu la ukuta ambalo mababu walilijenga kwa mawe na udongo, na baba zetu wakaliongezea saruji. Maji ya mfereji huingia humo jioni yakalala, asubuhi lango hufunguliwa na kila shamba hupata zamu yake. Sasa ukuta ulikuwa umepasuka. Kila asubuhi bwawa lilikutwa nusu, na zamu za mwisho zikawa zamu za jina tu. Shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji ni la shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nilipofiwa na mama. Misimu mitatu mfululizo maharage yake yalikauka yakiwa na maua. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniumiza zaidi.

Kikundi cha mfereji kilikuwa kimechanga hela ya saruji. Lakini ofisi ya maji nayo ilitaka ramani: chanzo kiko wapi, mfereji unapita wapi, ndiva iko wapi, nani anamwagilia wapi. Hakuna ramani, hakuna kibali, na tulipewa hadi mwisho wa mwezi wa nne. Kazi hiyo nilijitolea mimi, kwa mdomo wangu. Niliutembea mfereji wote na simu mkononi, kutoka kwenye chemchemi hadi kwa shangazi, nikiweka alama kila penye jiwe la kugawia maji. Nikarudi Same kuchora kwenye laptop juu ya picha iliyopigwa kutoka angani. Pale maji yalipokuwa hayafiki tena, nilichora mstari wa nukta nukta. Nukta hizo ziliishia mlangoni kwa shangazi.

Basi laptop ikaanza vituko. Nikiiwasha, dakika kumi za kwanza inakwenda vizuri kama mtoto aliyeahidiwa pipi. Halafu inaanza kunung'unika kwa ndani, feni inalia, picha inaganda. Unavuta mstari, unakuja baada ya wewe kuchemsha chai na kuinywa. Mara tatu ilizima yenyewe na kazi ikapotea. Siku ya tatu niliitukana kwa Kipare, kwa sababu matusi ya Kiswahili hayakutosha.

Na kilichonitia wazimu ni kwamba nikiipeleka kwa fundi inajifanya nzima. Anaitoa kwenye sweta yake, anaiweka juu ya meza mbele ya pangaboi, anafungua ramani yangu, inateleza! Nilitamani niichape. "Hapa inakwenda kwa sababu hujaifanyisha kazi ndefu," fundi akasema. "Ikifanya kazi ndefu, kadi inachoka."

Nimesema sweta, na sitaki mtu anicheke kabla ya wakati. Nyumbani kwangu kila kitu kina kitambaa cha kufuma: televisheni, redio, friji, viti, hata mtungi wa gesi. Nafuma kwa mikono yangu, uzi mzuri, na sijaona aibu. Same ni nchi ya upepo na vumbi, na kitu kisichofunikwa kinageuka rangi kwa wiki moja. Laptop niliifumia sweta nzuri ya bluu yenye mistari myeupe, inabana sawasawa kuanzia chini hadi pembeni, ina tundu la chaja na tundu la flashi, na kifuniko kinafunguka bila kuivua. Akina mama wa kanisani walikuja kuitazama. Wawili waliniomba niwafumie na wao, mmoja kwa ajili ya mashine ya kushonea.

Nikampigia simu mwenyekiti wa kikundi. Ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana mvi kunishinda, lakini mpaka leo akinisikia anasimama. Nikamweleza habari ya kadi.

"Mwalimu, hela iliyopo inatosha kimoja. Laptop au saruji."

"Najua."

"Ramani bila ukuta, tutapewa kibali cha maji yanayovuja. Ukuta bila ramani, watatufungia lango." Akavuta pumzi. "Jumamosi kuna kikao. Wewe njoo useme. Ukisema mashine inahitajika, mwalimu, hakuna atakayebisha. Tutachanga tena saruji mwakani."

Mwakani! Msimu wa nne wa maharage ya shangazi. Lo, heri angebisha! Angenigombeza ningejua la kujibu. Lakini kuambiwa hivyo, kwamba neno lako litachukuliwa kama hukumu, na wewe mwenyewe hujui unachokisema! Nilikaa jikoni nikiwaka hasira, sijui namkasirikia nani. Sisi Wapare tunasemwa kwamba mtu wetu anaweza kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi nilikuwa naelekea kuuza ukuta wa kijiji ili nishinde kesi na laptop.

Ijumaa nilipanda mlima na gari la asubuhi, laptop ndani ya sweta yake, sweta ndani ya mkoba. Chini jua lilikuwa linachoma. Kufika Bombo, ukungu umekaa hadi kwenye migomba na mvuke unatoka mdomoni ukisema. Shangazi alikuwa amejikunja karibu na jiko, khanga mbili mabegani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Kula makande kwanza, mengine baadaye."

Nilikula. Ukikataa makande ya shangazi utaulizwa kama umebadili dini. Halafu nikaweka laptop mezani, nikachomeka umeme, nikajiambia leo nitaifanyisha kazi mpaka igande, ili kesho niende kikaoni na ushahidi. Dakika kumi zikapita, zikafika ishirini. Ikaanza kunung'unika. Ilichelewa kuliko nyumbani, lakini ilifika palepale: feni ikalia, mstari ukakwama katikati ya ndiva.

"Unaona?" nikamwambia shangazi. "Unaona inavyonifanya?"

Shangazi hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama bluu na mistari myeupe.

"Hii nguo ni ya nini?"

"Ni sweta yake. Inazuia vumbi."

"Mimi damu yako natetemeka hapa, miguu imekuwa mawe, na wewe umevalisha sweta sanduku?" Akaweka kiganja chake chini ya ile mashine, akakitoa upesi. "Tena lina homa! Mtu ana homa unamfunika uzi mzito? Nilikulea hivyo mimi? Ulipokuwa na homa nilikuvua nguo nikakupangusa maji ya baridi."

Kabla sijamjibu alishaishika sweta pindoni, akaivuta kama anayemvua mtoto anayetoka mvuani, akaipachika magotini mwake na kuilaza vizuri. Nilitaka kumwambia arudishe. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu feni ikapunguza kelele.

Kelele ikaendelea kushuka, mpaka nikawa nasikia kuku nje. Nikagusa mstari wangu, ukaja. Nikavuta mwingine, ukaja. Nikaikuza picha mpaka nikaona paa la kanisa, nikairudisha, nikaizungusha ramani nzima huku na huku kwa ujeuri tu, na haikukwama.

Lakini mimi ni mwalimu, na jambo likitokea mara moja ni bahati. Nikamwomba shangazi sweta. Akakataa. Nikambembeleza, nikamwambia ni ya kuazima, akanipa kwa masharti. Nikaivalisha laptop. Chai ya kwanza haijaisha, feni ikalia, picha ikaganda. Nikaivua, nikampa shangazi. Ikapona. Nikaivalisha tena. Ikaganda tena! Mara ya tatu shangazi alisema kama nataka kumuua kwa baridi niseme wazi.

Nikakumbuka fundi aliwahi kunionyesha kidirisha kinachoeleza kila kiungo cha mashine kinafanya kazi kiasi gani. Nikakifungua. Mstari wa kadi ya picha, ile ndogo ya kuzaliwa nayo, iliyosingiziwa kwamba imechoka, ulikuwa umelala chini kama mtu wa zamu ya mchana aliyejinyoosha kivulini. Ramani yangu ni mistari juu ya picha moja iliyotulia. Hakuna gari linalokimbia humo, hakuna mpira, hakuna vita. Kadi ilikuwa haijaguswa na kazi. Uliokuwa unapunguza mwendo ni ubongo wa mashine wenyewe, ukijiokoa na joto.

Nikaivua sweta, nikamrudishia shangazi, nikaigeuza laptop juu chini. Huko tumboni kuna vijitundu vingi vidogo, na ubavuni kuna vingine. Mungu wangu. Nilivikumbuka vizuri sana. Siku ninafuma niliviona, nikasema hapa ndipo vumbi la Same litapita, nikapaziba kwa uzi wa mikunjo miwili. Mahali pengine pote nilifuma wazi wazi. Pale tu mashine inapovutia pumzi ndipo nilipobana.

Nikampigia fundi palepale. Nikamweleza yote.

"Mama," akasema, "umeivalisha sweta? Same? Mwezi wa pili?"

"Wewe uliivua kila mara, mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani ni begi!" Akaangua kicheko mpaka nikasikia na wateja wake wakicheka. "Nyie Wapare hata chuma mnakionea baridi!" Halafu, na kwa hili nampa heshima yake, akatulia na kusema, "Na mimi nimekosea, mama. Nilikuuliza unacheza gemu, sikukuuliza unaiweka wapi. Hiyo kadi huihitaji. Lete nikupulizie nyuzi zilizomo, usinipe kitu."

Furaha? Nilicheza! Mtu mzima na mgongo wangu huu, nilimshika shangazi mikono tukazunguka jiko, yeye na sweta magotini inaanguka, anauliza nimeolewa au nini. Saruji ipo! Ukuta upo! Halafu nikakaa ghafla, kwa sababu nilikumbuka kesho kuna kikao, na ni lazima nisimame niseme nilichofanya.

Msinione hivi, kusema nimekosea ni kazi ngumu kwangu. Miaka yote darasani, nikiandika kosa ubaoni, nilikuwa nasema nilitaka kuona nani yuko macho. Ningeweza kesho kusema tu kwamba mashine imepona, basi, wapige makofi. Shangazi alinitazama, akajua. "Mficha uchi hazai," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Mwenyekiti alisimama, akawaeleza watu kwa adabu kwamba mwalimu ana neno, na atakalosema litafuatwa. Wakanigeukia wote. Nikaona nyuso za watu niliowafundisha mito na milima, wengine niliwapiga fimbo kwa kunakiliana, wote wakinisubiri niwaambie hela yao iende wapi.

"Hatununui laptop," nikasema. "Tununue saruji. Laptop ilikuwa nzima. Mgonjwa nilikuwa mimi. Niliifumia sweta nikaiziba pua, ikawa inakosa hewa, na nilikuwa tayari kuwauzia ukuta wenu kwa sababu ya uzi wangu. Nimekosea."

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Sweta ya mikono mirefu au ya kukata mikono?" Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka wakishikana, mwenyekiti alicheka akifuta machozi, na mimi nilicheka kuliko wote, nikaona kifua kimekuwa chepesi kama nimetua debe la maji. Walipomaliza kucheka wakapiga makofi, na makofi yale sikuyapata hata siku ya kustaafu. Mwenyekiti akanisogelea, akaniambia polepole kwamba miaka arobaini amesubiri kulisikia neno hilo. Nikamwambia alihifadhi vizuri, halitarudiwa.

Wiki iliyofuata ikapigwa mbiu ya msaragambo. Kwetu msaragambo ni kazi ya wote kwa mali ya wote. Asiyefika ana faini, na faini si kitu, aibu ndiyo inayouma. Watu walitoka na majembe, karai, sepetu, wanawake wakipandisha mchanga kutoka mtoni, wanaume wakichanganya zege, na akina mama wa makande wakilinda masufuria. Mimi niliketi juu ya jiwe na laptop yangu mapajani, ikiwa uchi wa mnyama, nikimalizia ramani huku nikielekezwa na wenye mashamba. "Hapo kwangu umenipunguzia, mwalimu!" "Sogeza mpaka huo, mparachichi wangu uko ndani!" Niliweza kusogeza palepale, mbele ya macho yao, na haikukwama hata mara moja. Kila aliyepita aliiuliza kama haisikii baridi.

Ukuta ulipomaliza siku zake za kukauka, lango likafungwa jioni moja, na asubuhi nikaamka kabla ya jogoo kuwaamsha watu. Ndiva ilikuwa imejaa. Imejaa hadi ukingoni, na ukuta wa nje ulikuwa mkavu kabisa, nilipitisha kiganja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti akafungua lango. Maji yakatoka kwa nguvu, na mimi nikateremka nayo mfereji mzima, mkoba wa laptop begani, nikiyapita, yakinipita, watu wa kila shamba wakinipungia majembe.

Zamu ya shangazi ilikuwa ya mwisho, kama siku zote. Nilimkuta amesimama penye jiwe lake la kugawia, jembe begani, na ile sweta ya bluu ameikunja na kuifunga kichwani chini ya kitambaa. Tulisimama tukitazama udongo mkavu wa mfereji. Jua likapanda. Nikaanza kuogopa, haki ya nani, nikaanza kuhesabu mashamba kichwani nikitafuta nani kachukua zaidi.

Halafu yakaja. Ncha ndogo tu kwanza, chafu, inasukuma majani makavu, inazunguka kijiwe. Ikafika miguuni kwa shangazi, ikaingia katikati ya vidole vyake. Nyuma yake yakaja mengine, na mengine.

"Yamefika," akasema shangazi. Akainama, akapiga jembe moja, akayafungulia maharage.

Nililia kwa sauti, sikujificha. Halafu nikaketi palepale kwenye tuta, nikafungua laptop, nikatafuta mwisho wa mfereji kwenye ramani iliyokuwa inasubiri kupelekwa ofisi ya maji. Nikazifuta zile nukta nukta, na kutoka ndivani hadi mlangoni kwa shangazi nikachora mstari mzima.